Tiyo mbili ndogo zilizokula likirimba yetu



Siku moja ya posho tulikuwa wamama kumi na mmoja ndani ya minibisi ya kikundi chetu, tukitoka Bukavu kwenda soko la Mugogo. Mvua ilikuwa inanyesha. Kioo cha mbele kikajaa ukungu kwa ndani, na harufu tamu ikatufikia puani. Tukacheka, tukauliza ni nani amebeba mandazi. Hatukujua kama harufu ile ilikuwa inatuonya.

Tulipokuwa tunapanda kilima, mvuke mweupe ukatoka chini ya kapo. Mama mmoja akasema: «Papa shofere, simama.» Akajibu: «Si kitu mama, tufike kwanza juu.» Juu tulifika, lakini motere iliharibika. Maji yalikuwa yameisha, ikachemka mpaka kichwa chake kikapinda. Feza ya kuitengeneza ilitoka katika likirimba, na wamama wawili waliokuwa wanangojea zamu yao walikosa minervali ya watoto. Mmoja wa watoto hao ni wa darasa langu. Nilimrudisha nyumbani mimi mwenyewe, na sikusahau.

Chanzo cha yote kilikuwa tiyo ya mpira iliyopasuka, ufa wake si mrefu kuliko kidole gumba.

Tiyo hizo ni za nini?

Motere hupozwa na maji yanayozunguka kati yake na radiateri kubwa ya mbele. Lakini nyuma ya tablo, pale miguu ya abiria inapokaa, kuna radiateri nyingine ndogo. Hiyo ndiyo shofaji. Tiyo moja huipelekea maji ya moto, nyingine huyarudisha kwenye motere.

Wengi husema: «Sisi hatutumii shofaji, hii si Ulaya.» Kumbe katika magari mengi maji hupita ndani ya tiyo hizo hata kama shofaji imefungwa. Tena hapa kwetu, wakati wa mvua, hewa ya moto ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo. Mpira ukizeeka kwa joto, tiyo hupasuka, na maji yote ya motere huisha kupitia hapo.

Kuangalia kwa macho na vidole

Fanyeni asubuhi, motere ikiwa baridi kabisa na imezimwa. Fungueni kapo, mwombe shofere awaonyeshe tiyo mbili zinazoingia katika ukuta kati ya motere na viti. Kisha:

1. Mzibonye polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Tiyo nzuri hubonyea na kurudi. Ikiwa ngumu kama kuni, au laini na imevimba, imekwisha.
2. Mzikunje kidogo. Nyufa hujificha kwenye kona na karibu na vyuma vya kufungia.
3. Mtafute alama za maji yaliyokauka, nyeupe, za kijani au nyekundu. Hapo panavuja.
4. Mwangalie kama mafuta ya motere yanazidondokea, kwa sababu mafuta huoza mpira.
5. Mguse kapeti mbele ya viti. Ikiwa na maji yenye utelezi, huenda radiateri ndogo yenyewe inavuja.

Na kama maji yanapungua kila wiki, msikubali kuongeza tu. Yanakwenda wapi?

Siku ya kubadilisha

Kazi ni ya fundi, lakini mama mmoja asimame pale. Motere iwe baridi. Maji yanayotoka yaingie katika beseni, mbali na watoto na mbuzi: dawa ya radiateri ni tamu, lakini ni sumu.

Fundi asivute tiyo ya zamani kwa nguvu. Aipasue kwa kisu kwa urefu, taratibu, maana mdomo wa radiateri ndogo ukivunjika, gharama ni nyingine. Tiyo mpya iwe na upana uleule wa ndani, na iwe ile ya maji ya moto ya gari. Tiyo ya kumwagilia bustani au ya mazuti haifai. Chuma cha kufungia kivalishwe kwanza, tiyo isukumwe ipite kivimbe cha mdomo, ndipo chuma kikazwe nyuma ya kivimbe. Kisikate mpira.

Badilisheni zote mbili pamoja. Zimezeeka siku moja. Kisha ajaze maji safi yenye dawa, shofaji ikiwa imefunguliwa kwenye moto kabisa, ili hewa iliyobaki ndani itoke. Baada ya safari ya kwanza, motere ikishapoa, mpime maji tena. Na mwombe mpewe tiyo ya zamani mkononi, muwaonyeshe wengine.

Ikitokea njiani

Mvuke ukitoka, au mshale wa joto ukipanda, gari lisimame palepale na motere izimwe. Mtu asifungue kifuniko cha radiateri: maji ya moto yataruka usoni. Msimwagie motere maji baridi, inaweza kupasuka. Ngojeni ipoe kabisa, hata kama soko linafungwa. Kabichi zilizolala zina bei ndogo; motere iliyopinda haina bei.

Kikundi chetu sasa kina mama wa zamu. Kila siku ya kwanza, mbele ya safari, yeye hufungua kapo pamoja na shofere, hubonya tiyo na kuandika katika daftari. Shofere alinuna mwanzoni. Leo yeye ndiye anayemwita: «Mama, njoo kwanza uangalie.»

Kazi ya nyumbani kwa wiki hii: ombeni kuonyeshwa tiyo hizo mbili za gari lenu, mziguse.