Kumbatio lililomponza Triple H

Katika mieleka ya kulipwa nchini Marekani, mshindi hupangwa na wakuu wa kampuni kabla ya kengele kulia. Kupanda au kukwama kwa mwanamieleka huamuliwa nyuma ya pazia.

Mei 19, 1996, ukumbini Madison Square Garden, New York, Triple H na Shawn Michaels wa WWF (sasa WWE) waliwakumbatia ulingoni Kevin Nash na Scott Hall, waliokuwa wakihamia kampuni hasimu ya WCW. Muda mfupi kabla, Michaels alikuwa amepambana na Nash kama adui.

Michaels alikuwa bingwa, hivyo hakuguswa, wawili walikwishaondoka. Kosa la wanne likalipwa na Triple H. Taji la King of the Ring alilopangiwa Juni hiyo alipewa Steve Austin, ambaye umaarufu wake ulianzia hapo. Triple H alilitwaa mwaka 1997.