Kabla hujamnunulia mwanao kioo cha kuhariria picha

Albamu ya harusi ilirudishwa Jumatatu asubuhi. Picha zilikuwa 60, na karibu zote zilimwonyesha bibi harusi kama aliyepigwa picha jioni umeme ukiwa umekatika. Mama wa bibi harusi alizipanga mezani moja moja, akauliza kama huyo kweli ndiye mwanawe, msichana wa maji ya kunde aliyekaa saluni tangu alfajiri. Binti aliyezihariri, mwenye umri wa miaka 20, alikosa la kujibu. Kwenye kompyuta yake picha zilezile zilikuwa zinang'aa.

Lawama za kwanza zilikwenda kwa waliosafisha picha. Nao wakatoa kazi za wateja wengine zilizotoka kwenye mashine hiyohiyo siku hiyohiyo, safi kabisa. Kumbe tatizo lilikuwa nyumbani kwao Tabata, jijini Dar es Salaam, kwenye kioo cha kompyuta ya mkononi ambayo binti alinunuliwa alipoanza chuo.

Albamu ikarudiwa kwa gharama ya familia. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani, akaamua kwamba fedha za zamu yake kwenye mchezo wa akina mama mwezi ule zingenunua monita.

Wazazi wengi wanafika hapo siku hizi. Mtoto anapiga picha za mahafali, ubatizo na harusi, anaanza kuingiza chochote, kisha anaomba kioo kizuri. Mzazi akisikia kioo kikubwa anafikiria gemu na filamu. Akikubali, anaenda dukani na kununua kikubwa kuliko vyote kinacholingana na fedha aliyonayo. Hapo fedha inaweza kupotea mara ya pili.

Kwanza ni vizuri kuelewa albamu ile iliharibikaje. Karatasi haina taa ndani yake, kioo kinayo. Monita nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na mwangaza mkali ili zivutie dukani, mara nyingi zaidi ya kandela 250 kwa mita ya mraba. Wanaohariri picha za kuchapishwa hufanya kazi kwenye mwangaza wa kama 80 hadi 120. Kijana anayehariri kwenye kioo kikali anaona uso umezidi mwanga, anaupunguza kidogo, kisha kidogo tena, mpaka macho yake yaridhike. Picha ikifika kwenye karatasi, ule mwanga wa kioo haupo. Linabaki giza aliloongeza kwa mkono wake mwenyewe.

Dukani Kariakoo muuzaji aliwaonyesha kioo cha inchi 32, kilichopinda, cha hertz 165. Hertz ni idadi ya mara ambazo kioo kinajichora upya kwa sekunde moja. Kwa anayecheza gemu ina maana kubwa, lakini picha ya harusi haikimbii, hertz 60 zinaitosha. Kupinda nako si sifa kwa kazi hii, maana mhariri anahitaji kujua kama nguzo ya kanisa imesimama wima au imelala.

Fundi cherehani haamini rangi aliyoiona chini ya taa ya dukani. Kitambaa anakitoa mlangoni kwanza akione juani, kwa sababu zambarau ya ndani huweza kuwa bluu nje. Mama huyu alifanya vivyo hivyo na monita. Kwenye pochi alibeba kipande cha kitenge, picha ya familia iliyosafishwa zamani, na flashi yenye picha ya kitenge hicho na nakala ya picha hiyo ya familia. Muuzaji alicheka kidogo. Vioo vitatu vya kwanza vilipowashwa, kitenge kilekile kikatoka na rangi tatu tofauti.

Kinachotofautisha vioo hivyo ni paneli, yaani kile kioo chenyewe kwa ndani. Za TN ndizo rahisi zaidi, lakini ukiziangalia kutoka chini au pembeni rangi zinageuka. Mtu akiinamisha kichwa tu, uso wa bibi harusi unabadilika. Za VA zina weusi mzito unaopendeza kwenye filamu, ila nazo rangi husogea mtu asipokaa katikati. Za IPS ndizo zinazofaa kwa picha kwa sababu rangi inabaki ileile hata kichwa kikisogea. Jaribio lake halihitaji fundi: weka picha ya uso, kaa, simama, sogea kushoto na kulia. Kama sura inabadilika, rudisha mkono mfukoni.

Neno la pili la kutafuta kwenye boksi ni sRGB. Hicho ni kipimo cha rangi kilichoandaliwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na mpaka leo intaneti, simu nyingi na sehemu nyingi za kusafisha picha zinakifuata. Kioo kiwe na asilimia 100 ya sRGB, au karibu kabisa. Hapa kuna mtego. Baadhi ya maboksi, na hasa maelezo ya kompyuta za mkononi za bei nafuu, huandika asilimia 45 ya NTSC. Ni kipimo kingine, cha zamani, na maana yake kioo hicho kinaonyesha chini ya theluthi mbili ya rangi za sRGB. Kwa kipimo hicho, kioo kizuri kinasoma kama asilimia 72. Kompyuta ya binti ilikuwa ya 45. Nyekundu ya kitenge ilitoka kama tofali.

Wapo watakaosifia monita yenye rangi nyingi zaidi, ya Adobe RGB. Ni nzuri kwa anayechapisha kazi kubwa na anayejua kuitawala. Kwa mwanafunzi inaweza kumponza, maana bila mpangilio sahihi inazidisha rangi na nyuso zinakuwa nyekundu kupita kiasi. Akiinunua, ahakikishe ina sehemu ya kuchagua sRGB.

Kuhusu ukubwa, inchi 24 zenye pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha kuanzia. Anayetaka inchi 27 atafute 2560 kwa 1440, la sivyo nukta zitaanza kuonekana. Hakuna haja ya kubadilisha kompyuta. Monita inaunganishwa kwa waya wa HDMI kwenye ileile ya mkononi, muhimu ni kuangalia tundu lake kabla ya kwenda dukani.

Kwa familia za huku, suala la rangi ya ngozi lina uzito wake. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak iligawa kwa maabara kadi za kupimia rangi zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Mashine zilipangwa mpaka ngozi yake itoke sawa, na watu weusi wakatoka walivyotoka. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana. Leo mpangaji wa rangi ni kijana mwenyewe, akiwa peke yake mbele ya kioo. Kisipoonyesha tofauti ndogo ndani ya rangi nzito, hawezi kuona kama shavu la babu lina mwanga au limekuwa kivuli kitupu. Ndiyo maana picha ya kujaribia dukani iwe na watu wa nyumbani, weusi wa kung'aa na maji ya kunde pamoja, badala ya yale maua na samaki wa rangi ambayo wauzaji huyaacha yakizunguka.

Bei ya mpya ikishinda, vipo vioo vilivyotumika ofisini Ulaya. Mtumba wa aina hii unaweza kuwa bora kuliko kipya cha bei ileile. Familia za UltraSharp ya Dell, ProArt ya ASUS na ColorEdge ya EIZO zilitengenezwa kwa watu wanaojali rangi. Lakini kioo nacho kinazeeka, taa yake inafifia na weupe unaelekea njano. Muuzaji aonyeshe ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, kisha nyekundu, kijani na bluu. Doa, kona iliyofifia au nukta isiyowaka vitajitokeza hapo. Anayekataa kuwasha mpaka alipwe aachwe na kioo chake.

Mama na binti waliondoka na cha inchi 24, IPS, asilimia 99 ya sRGB. Chenji ilinunua stabilaiza, maana umeme wa mtaani kwao unapanda na kushuka unavyotaka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya nyumbani, na haikugharimu kitu. Meza iliondolewa mbele ya dirisha ili jua lisipige kioo. Kwenye menyu ya monita wakachagua sRGB, wakazima vile vinavyokoleza rangi vyenyewe, na kwenye kompyuta wakazima mwanga wa njano wa usiku. Kisha binti akashika karatasi nyeupe pembeni ya kioo, akashusha mwangaza taratibu mpaka weupe wa kioo ukakaribiana na wa karatasi. Upo pia mpimaji mdogo wa kuweka juu ya kioo, kama Spyder ya Datacolor, ambao unapima rangi na kuzirekebisha kwa uhakika kuliko jicho. Bei yake si ndogo kwa mtu mmoja. Vijana wanne wa kazi moja wanaweza kuchanga, kwa kuwa kila mmoja anauhitaji mara moja tu kwa mwezi.

Mama aliuliza kama kile kioo cha zamani nacho kingeweza kushushwa mwangaza. Kingeweza. Rangi zisingepona, lakini giza lingepungua sana, na ile albamu pengine isingerudi. Binti alikaa kimya kidogo.

Halafu akafungua picha za harusi ileile kwenye kioo kipya. Bibi harusi alikuwa gizani, sawasawa na alivyokuwa kwenye karatasi. Mama akavuta kiti akakaa karibu yake, akamwambia aanze na ile ya kwanza.