KABLA HUJAISHUSHA IST YAKO, PIMA MZIGO KWANZA

Gari iliyoshushwa inapendeza, hatubishi. Ikipita Mwanga kuelekea Ujiji imelala chini, watu wanageuka. Lakini kama hiyo IST, Vitz au Passo ndiyo inayobeba mawese yako kutoka Ujiji au dagaa kutoka Kibirizi, jiulize kwanza kama itafika na mzigo.

Tuanze na uzito. Dumu la lita 20 la mawese ni kama kilo 19 pamoja na dumu lenyewe. Madumu 10 ni kilo 190. Dereva kilo 70. Jumla 260. Sasa, Wajapani wanapopanga uzito wa gari wanahesabu kilo 55 kwa kila mtu, kwa hiyo gari ya watu 5 ni kilo 275. Umeshafika ukingoni na hujapakia hata abiria mmoja!

Una njia tatu:

1. Springi fupi. Nyingi zinashusha gari sentimita 2.5 hadi 4. Ni nafuu kuliko koilova. Tatizo, nafasi ya shokapu kucheza inapungua. Ukipakia nyuma, kila tuta inagonga, na shokapu za zamani zinakufa mapema. Zinamfaa anayetembea mjini kwenye lami bila mzigo.

2. Koilova. Hizi zina nyuzi za kupandisha na kushusha gari. Ni ghali, na tope la masika likikaa kwenye nyuzi bila kuoshwa, zinashika kutu na kugoma kuzunguka. Usidanganywe kwamba utapandisha siku ya mzigo na kushusha Jumapili. Kila ukibadilisha ni jeki, spana, halafu alaimenti upya.

3. Springi za urefu wa kawaida na shokapu mpya. Gari nyingi "zilizochoka nyuma" dawa yake ni hii tu. Kama unabeba mzigo kila siku, ulizia springi ngumu zaidi zenye urefu uleule. Badilisha mbili kwa pamoja, kulia na kushoto.

ONYO: Fundi akikwambia atakata springi au kuichoma kwa gesi ili ishuke, ondoka. Chuma kilichochomwa kinalegea, na springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kiti chake ukiwa barabarani.

Kabla ya kununua, chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, gari ikiwa tupu. Pakia mzigo wako wa kawaida, pima tena. Kama tofauti ni sentimita 5 na unataka kushusha 4 nyingine, jumla ni 9. Ingia chini upime nafasi iliyobaki kati ya egzosi na ardhi, kisha kumbuka barabara unayoacha lami kuingia kijijini.

Mwisho, hesabu ya pesa. Jumlisha springi, shokapu, ufundi na alaimenti. Mfano tu: ikifika 300,000 na safari moja inakuachia faida ya 25,000, hizo ni safari 12 za kumlipa fundi. Springi mpya za kawaida utazirudisha kwa mzigo. Za kushusha zitakurudishia nini?

Mtumie mwenzio anayetaka kushusha gari ya biashara wiki hii.