Sweta Lililorudi Si Hasara

Mitumba inapomwagwa chini siku ya gulio wilayani Same, sweta la sufu lililorudi ndilo huachwa hadi jioni. Kiwiliwili kimefupika, mikono imekakamaa, shingo haipitishi kichwa cha mtoto. Lakini litazame kwa karibu. Vitanzi vya uzi havionekani tena. Vimezama ndani ya kitambaa kimoja kinene, kizito, ambacho ukikikata kwa mkasi hakifumuki. Aliyelifua kwa maji ya moto aliliharibu bila kujua, ila kuna mafundi wanaofanya hivyo makusudi: hufuma kitu kikubwa na kilegevu, kisha hukifua mpaka kishikamane. Nadai kwamba anayejifunza kufuma amalize kazi yake ya kwanza kwa njia hiyo, tena iwe mkoba mdogo, si sweta.

Sababu iko kwenye unyoya wenyewe. Unyoya wa kondoo wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto na sabuni huyafanya yainuke, na kusuguliwa huyafanya yakamatane, yakishakamatana hayaachii. Ndiyo maana fundi hukuambia ufume kwa sindano nene, uache nafasi kati ya vitanzi, na ujaribu kwanza kwa kipande cha sentimita 10 kila upande. Kipande hicho kitakuonyesha kazi itapungua kiasi gani, na kwa kawaida hupungua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Kisha ni beseni, sabuni na mikono: sugua, kagua, sugua tena. Safu iliyobana na iliyolegea, ambazo kwenye sweta zingemwaibisha mfumaji, humezwa pamoja.

Atakayepinga atasema huko ni kumfundisha mtu kuficha makosa. Sivyo. Kitanzi kilichodondoka hakifichiki. Maji ya moto hukigeuza tundu. Mkoba uliopunguzwa vitanzi upande mmoja hutoka umepinda, na hapo hakuna kufumua ili kuanza upya. Kinachosamehewa ni mkono ambao haujazoea, na mkono huzoea kwa kumaliza kazi. Sweta lina mgongo, kifua na mikono, na kila kipande ni nafasi nyingine ya mwanafunzi kukata tamaa.

Pingamizi zito zaidi ni la sufu yenyewe. Nyuzi nyingi za bei nafuu madukani ni akriliki, nazo hata zikichemshwa kutwa hazishikamani. Kondoo wetu wa mkia wa mafuta wana manyoya mafupi yasiyofaa kusokotwa. Kwa hiyo sufu iliyo karibu ni ile ya mitumba: sweta zima ambalo halijarudi, lifumuliwe upate uzi. Kulitambua ni rahisi. Choma ncha ya uzi: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole, akriliki huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Epuka pia sweta ambalo lebo yake inaruhusu kufuliwa kwa mashine, kwani mara nyingi sufu yake imetiwa dawa ya kuzuia isirudi.

Wapo watakaouliza kwa nini sufu isitoke hapa hapa. Mji wa Same uko tambarare kwenye joto, lakini Mbaga na Chome ziko juu kwenye milima ya Upare, chini ya msitu wa Shengena, ambako sweta ni vazi la kweli. Nyanda za juu za Kenya zinafuga kondoo wa sufu, na kina mama wa Nanyuki wamesokota na kufuma sufu hiyo tangu miaka ya 1970. Je, miteremko ya Upare ingeweza kuwalisha kondoo hao bila kuubana msitu? Na nani angenunua sufu yao? Maswali hayo yanahitaji watu wa mifugo na wa misitu wakae meza moja. Mfumaji mpya hana haja ya kuwasubiri. Anunue sweta moja la sufu, achome ncha ya uzi wake, afume mkoba, na aumalize.