Fahamu: Kwa nini lugha ya darasani ni mpaka wa pili kwa familia za Uvira

Kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, hadi Bujumbura, Burundi, ni kama kilomita 30 tu, kupitia Kavimvira na Gatumba. Vita vikizuka, familia huvuka mpaka wa nchi hizo mbili kwa siku moja. Sokoni hazisumbuki sana, kwani Kiswahili husikika pande zote za Ziwa Tanganyika. Darasani ndiko kwenye ugumu. Burundi, mtoto huanza masomo kwa Kirundi kabla ya Kifaransa kushika nafasi. Tanzania, ambako wengine hukimbilia, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari hugeuka Kiingereza. Aliyezoea Kifaransa cha Kongo anaweza kuonekana mzito wa akili, kumbe amepungukiwa maneno tu. Kumshusha madarasa ni kupima lugha yake na kuiita elimu.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa 1996, ilichagua njia nyingine: Wakongomani husoma mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Wanaoitetea husema mtoto atarudi nyumbani na cheti chake kitatambuliwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini ukimbizi uliodumu karibu miaka 30 umezaa kizazi kisichoijua Uvira, na nje ya kambi Kifaransa hakimpi mtu kazi Kigoma. Ukipendekeza afundishwe pia lugha ya nchi aliyokimbilia, wengine watasema lugha mbili zitamchanganya mtoto. Mtoto wa Uvira tayari huongea Kifuliiru au Kibembe nyumbani na Kiswahili mtaani. Hajashindwa na wingi wa lugha. Anachokosa ni muda wa kufundishwa lugha mpya kabla ya kutahiniwa kwayo.