Jicho Linalochongoka na Tiba Yake

Wengi wetu hapa bwenini, vumbi la kiangazi linapovuma toka upande wa Meru, huwashwa macho na kuyafikicha kwa ngumi. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze maradhi yaitwayo keratokonasi, ambayo mara nyingi huanza katika umri wetu huu.

Mbele ya jicho pana kioo king'avu kiitwacho konea, unene wake kama nusu milimita tu. Ndani yake mna nyuzi za kolajeni zilizofungamana, mfano wa fito katika ukuta wa udongo. Kamba za fito zikilegea, ukuta hutuna. Ndivyo ilivyo konea: hupungua unene, huchongoka mbele, na herufi za ubaoni huonekana zimepotoka. Miwani hubadilishwa kila mara wala haitoshi. Kufikicha macho huongeza hatari.

Mjini Dresden, Ujerumani, wataalamu walivumbua njia ya kuzifunga nyuzi hizo upya, wakatangaza matokeo ya wagonjwa wao wa kwanza mwaka 2003. Jicho hutiwa ganzi, na ngozi nyembamba ya juu huondolewa. Kisha hutiwa matone ya raiboflavini, yaani vitamini B2, kwa nusu saa, halafu humulikwa miale ya urujuanimno nusu saa nyingine. Dawa, miale na oksijeni hufanya vifungo vipya, konea ikakazika. Ubaya wake ni maumivu ya siku chache, mpaka ngozi iote tena.

Njia ya pili ni ya haraka: nguvu ya miale huzidishwa mara tatu, na muda hupunguzwa toka dakika 30 hadi 10. Kwa hesabu, 3 mara 30 ni 90, na 9 mara 10 pia ni 90. Lakini miale mikali humaliza oksijeni upesi kuliko inavyoingia, hivyo mara nyingi vifungo haviendi chini sana.

Njia ya tatu huiacha ngozi mahali pake. Maumivu ni machache, lakini ngozi huzuia dawa na oksijeni, na katika majaribio mengi nguvu yake imekuwa ndogo.

Kwa kijana ambaye maradhi yake yanakwenda mbio, naona ile ya kwanza ndiyo yenye ushahidi mkubwa. Huko Uingereza walijaribiwa vijana 60 wa miaka 10 hadi 16, na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Baada ya miezi 18 maradhi yalizidi kwa asilimia 7 tu ya waliofungwa nyuzi kwa njia ya haraka, ngozi ikiwa imeondolewa, na kwa asilimia 43 ya wengine.

Wazazi wajue kuwa tiba hii huzuia maradhi yasiendelee. Kwa kawaida hairudishi macho yaliyokwisha kuharibika. Kuchelewa basi ni hasara. Mtoto abadilishaye miwani mara kwa mara apelekwe kwa daktari wa macho, apimwe umbo la konea, si namba za miwani peke yake. Hospitali ya KCMC, Moshi, yenye idara ya macho, haiko mbali nasi.

Nasi wanafunzi, jicho likiwasha tulioshe kwa maji safi ya baridi, wala tusilifikiche.