Kahawa ya Njiani, Ukishavuka Mabamba

Anayeondoka Gwarama kwa baiskeli kwenda Burundi, akipitia Kibondo na Mabamba, ajue mapema kwamba nchi ile ina mibuni mingi lakini kikombe cha kahawa njiani ni cha kutafuta. Mimi kahawa chungu niliizoea Ujiji, kwenye vijiwe vya wazee, birika juu ya mkaa na kashata pembeni. Nikishavuka Gisuru na kuanza kupanda milima kuelekea Gitega, kila kibanda ninachosimama naletewa chai, soda au pombe ya ndizi.

Sababu ni ya zamani. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kupanda mibuni, wapate fedha ya kodi na koloni lipate cha kuuza Ulaya. Tangu hapo kahawa ni mali ya kuuzwa. Mkulima akichuma buni mbivu huziwahisha kwenye kituo cha kuoshea. Humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja na kuchambuliwa kwa mkono, punje mbovu zikitupwa. Halafu malori. Sehemu kubwa ya kahawa hiyo hupita nchini kwetu hadi bandari ya Dar es Salaam. Inaniuma kwamba mama anayeinamia kichanja kutwa nzima jioni hunywa chai. Nasi wa Kigoma tusijione tofauti: kahawa ya Kalinzi na Manyovu nayo husafiri mbali, na nyumba nyingi za wakulima wake hazina birika la kahawa.

Basi ukiingia mjini, ulizia msikiti uko wapi. Mitaa ya jirani ndiko waliko Waswahili, na kahawa haiko mbali, pamoja na sambusa na chapati za moto. Bujumbura nenda Buyenzi moja kwa moja. Lugha haina shida. Kiha chetu na Kirundi vinasikilizana.

Vitafunwa ni rahisi zaidi: maandazi, karanga, ndizi mbivu, parachichi. Jioni kuna mishikaki ya mbuzi, vipande vikubwa vilivyobanwa na kitunguu, mafuta yakidondokea mkaa, na ndizi za kukaanga kando. Kwa mtu aliyepandisha milima siku nzima, sijaona chakula kinachomfaa kuliko hicho.

Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukidamka kwa saa ya Gwarama utamkuta muuza maandazi ndiyo kwanza anawasha moto. Jumamosi asubuhi watu huenda kwenye kazi za jamii na maduka hufungwa, kwa hiyo nunua chakula chako Ijumaa jioni. Badilisha shilingi zako ziwe faranga kabla njaa haijakubana. Na kule wanaendesha kulia: ukiona kibanda ng'ambo ya barabara, shuka, tazama kushoto kwanza, ndipo uvuke ukiikokota baiskeli.